Kipande Hakichomwi na Mtu Mmoja

Madirisha ya nyumba yangu hapa Matulo hayana mapazia. Nalitaja mapema kwa sababu majirani wameshalitaja vya kutosha. Nguo navalia nyuma ya mlango, na jioni nikiwasha taa, yeyote anayepita na ng'ombe wake anaona ninavyokula na ninakula na nani, yaani na mimi mwenyewe. Kitambaa cha mapazia ninacho. Kimekunjwa juu ya kochi tangu wiki niliyostaafu, poliesta ya kijani kibichi, na nilikitia dawa ya kuzuia moto kwa mikono yangu hii. Juu yake nimeweka kiberiti. Kinachokosekana ni mtu wa kukiwasha.

Wadogo zangu mliobaki kiwandani Kitale, najua hilo la mtu wa kuwasha kiberiti linawachekesha. Ndiyo sababu naandika. Mambo ya vyeo na mishahara sitayagusa. Vyeo vyangu mnavijua, na mishahara yangu ilijulikana zaidi na wenye maduka ya mtaa wa Kibomet kuliko na mimi. Nataka kuwaeleza desturi moja ya idara yetu ya kutia dawa, ilikotoka na jinsi ilivyopotea, kwa sababu imenikalisha miezi kadhaa bila mapazia.

Siku ya kwanza nilifika kazini nimevaa shati jipya la poliesta. Mama mkwe wangu ndiye aliyelichagua, jeupe, lenye kola ngumu, akasema mtu wa kiwanda cha nguo asiende kama anaenda kulima. Nikapelekwa kwa Mzee Salimu. Alikuwa mtu wa Bungoma mjini, aliyezaliwa na kukulia karibu na msikiti, mwembamba, mwenye kofia nyeupe iliyosimama wima kichwani bila kulegea hata mahali pamoja. Alilitazama shati langu kwa muda kabla ya kunisalimu.

"Kijana, unajua umevaa nini?"

Nikamwambia ni shati.

Alivuta uzi uliokuwa umeachia kwenye pindo, akaukata kwa wembe, akaushika kwa koleo na kuuwasha. Uzi haukuwaka kama pamba inavyowaka. Ulijikunja, ukayeyuka, kisha tone dogo likaanguka sakafuni likiwa bado linawaka. Akanionyesha mkono wake wa kushoto. Karibu na kifundo palikuwa na kovu la mviringo, dogo kama tembe ya malaria.

"Pamba inakuunguza," akasema. "Hii inakuunguza halafu inakushikilia. Sasa vua hilo shati, chukua koti la kazi pale."

Siku hiyo nilifanya kazi na fulana yenye tundu chini ya koti la mtu mwingine. Nafula, mke wangu, aliponiuliza jioni ya Jumamosi, niliporudi nyumbani, siku ya kwanza ilikuwaje, nilimwambia walinivua nguo. Alicheka mpaka akakaa chini.

Kazi yenyewe mnaijua, lakini acha niiseme kama nilivyofundishwa. Kitambaa kinapita kwenye hodhi la dawa, kinakamuliwa kati ya rola mbili za mpira, kinaingia kwenye tanuri refu kukauka, kisha kinapikwa kwa joto kali zaidi ili uzi ufunguke kidogo na dawa ishike. Mwisho kinaoshwa ili dawa isiyoshika itoke. Kueleza ni rahisi. Tanuri likiwa baridi, dawa inakaa juu ya kitambaa kama vumbi, na ufuaji wa kwanza unaondoka nayo. Likizidi joto, kitambaa kinageuka manjano na kukauka kama karatasi. Rola zikibana upande mmoja kuliko mwingine, pembeni panakunywa dawa nyingi na katikati panabaki na kiu. Mzee Salimu alikuwa akisugua kitambaa karibu na sikio lake, akikisikiliza. Mimi nilisugua na kusikiliza mwaka mzima nisisikie kitu, nikiitikia kwa kichwa kama mtu anayeelewa mahubiri ya Kilatini. Halafu asubuhi moja nikasikia. Kilichopikwa vizuri kina mlio mfupi, mkavu kidogo. Siwezi kuueleza zaidi ya hapo.

Alinitania sana kwa ulimi wangu wa Kibukusu. "Wewe ukisema 'lola', mashine inadhani unaita msichana," angesema, nami ningerudia "lola" kwa makusudi.

Basi, desturi ndiyo hii. Kabla ya robota lolote la kitambaa kutoka, tulikata kipande katikati, si pembeni, kwa sababu pembeni hudanganya. Tulikifua kwa sabuni, tukakianika, kisha tukakichoma. Aliyekitia dawa ndiye aliyekishika, kwa vidole vyake, bila koleo. Mtu mwingine ndiye aliyewasha kiberiti na kukipeleka kwenye pindo la chini. Karai la maji lilikaa miguuni. Na aliyeshika hakuruhusiwa kusema neno. Mwenye kiberiti ndiye aliyetamka: "Umezima," au, "Haujazima." Mzee Salimu alisema mwamba ngoma huvutia kwake, basi mwenye dawa yake anyamaze. Na hakuna aliyechoma peke yake, hata kama lori lilikuwa linasubiri getini na dereva anapiga honi.

"Kwa nini lazima wawili?" nilimwuliza.

"Moto ukikushika, nani atamwaga maji?" akajibu. Kisha baada ya kukunja kitambaa kizima akaongeza, "Na ukizima, nani atajua ulifanya vizuri?"

Kulikuwa na sehemu ya pili ya desturi, nayo ndiyo iliyonikalisha bila mapazia. Mtu akistaafu, alipewa kitambaa cha dirisha lake mwenyewe. Alikitia dawa kwa mara ya mwisho, akaenda nacho nyumbani, na wenzake wa idara wakamfuata siku ya mapumziko kumchomea kipande palepale dirishani pake. Mwenye kitambaa hakuomba. Wenzake ndio waliofika na kiberiti, wakanywa chai, wakasema "Umezima," na pazia likatundikwa watu wakipiga makofi. Mpaka hapo kitambaa kilikaa kimekunjwa. Kukitundika kabla ya kuchomewa ilikuwa kama kujipongeza mbele ya kioo.

Nilipanga chumba Kibomet, na mwisho wa wiki nilirudi Matulo. Nafula alilima, akafuga, akamlea binti yetu, na akavumilia harufu. Dawa ile ilikuwa na uchachu wa namna yake, iliingia kwenye nywele na kucha. Alikuwa akinipokea mlangoni kwa maji ya kuoga kabla ya salamu. "Oga kwanza, halafu tujuane," alisema. Dirishani kwetu alikuwa ametundika leso za zamani. "Unavalisha madirisha ya watu wote wa Trans-Nzoia," alinikumbusha, "na langu linavaa leso ya kuzalia." Nilimjibu mganga hajigangi. Alisema huo ni uvivu uliovaa methali.

Kesi ngumu kuliko zote ilitoka shule moja ya bweni ya wasichana upande wa Saboti. Tulikuwa tumewatilia dawa mapazia ya mabweni yote. Vipande vyake nilivishika mimi, Mzee Salimu akawasha, vyote vikazima vizuri. Baada ya mwaka hivi, mwalimu mkuu akapiga simu. Alikuwa ameamua kuwaonyesha wazazi jinsi mapazia mapya yalivyo salama, akajaribu kwanza peke yake kwa kiberiti kwenye kona ya pazia moja. Lilishika moto likapanda juu. Alilizima kwa ndoo ya maji ya kudekia. Sasa alitaka kujua ni nini hasa tulichomuuzia, na wasichana wake walikuwa wanalala chini ya hicho kitu.

Tulikwenda siku hiyohiyo, mimi na Mzee Salimu, ndani ya pikapu ya kiwanda. Vidole vyangu ndivyo vilivyoshika vile vipande, na kila bweni nililoliwazia lilikuwa limejaa watoto.

Mapazia yalikuwa mazuri ajabu. Yalisimama kwa mikunjo iliyonyooka, safi, kama yamechorwa kwa rula. Mlezi wa bweni, Mama Rispa, mwanamke mnene wa kwetu Bungoma, alitutembeza akiwa na fahari waziwazi. Tulikata kipande katikati ya pindo la chini, tukaenda nyuma ya jikoni. Nikashika, Mzee Salimu akawasha. Moto ulipanda mpaka karibu na vidole vyangu, nikakitupa karaini.

"Haujazima," akasema, sauti yake ikiwa ya kawaida kabisa.

Halafu akainama, akanusa hewa. "Wekesa, unasikia nini?"

Nikanusa. Poliesta ikiungua ina harufu tamutamu isiyopendeza. Hii ilikuwa na nyingine juu yake, ya uji ulioshika sufuria.

"Mama," Mzee Salimu akamwuliza Mama Rispa, "haya mapazia unayafuaje?"

"Si kwa sabuni tu, kama watu wote? Halafu nayatia wanga."

"Wanga gani?"

"Wa mhogo, bana. Si ule napikia vitambaa vya kochi? Kila wakifunga shule nayafua, nayatia wanga, napiga pasi. Kwani mimi niache yalegee kama ya hospitali? Hawa watoto wametoka kwa mama zao."

Ndugu zangu, poliesta iliyotiwa dawa hujiokoa kwa kukimbia moto: inayeyuka, inajikunja na kurudi nyuma, na dawa inaumaliza mwali uliobaki. Wanga hauyeyuki. Unaungua ukiwa umesimama, na unaishikilia poliesta ndani ya moto kama utambi unavyoyashikilia mafuta kwenye koroboi. Dawa yetu ilikuwa nzima kabisa pale chini, imefunikwa kwa upendo wa Mama Rispa. Katika vitabu vyote vya kiwanda, hakuna aliyewahi kuandika pazia lisitiwe wanga. Aliyeviandika hakuwahi kukaa kwenye sebule ya Mluhya.

Ilibidi tumwambie. Mzee Salimu alimwambia polepole, akimwita dada. Mama Rispa alisimama, mikono imeshika kanga kiunoni.

"Kwa hivyo ati mimi ndiye nilikuwa nawawekea watoto moto juu ya vichwa?"

"Hukujua, dada. Hata sisi hatukujua."

"Mwaka mzima nawapambia." Akaanza kulia, bila kuficha uso. Nilitamani kuwa mahali pengine popote.

Tulifua pazia moja pamoja naye, kwa maji ya moto, mpaka maji yakaacha kuteleza vidoleni. Upepo wa mlimani ulilikausha kabla chai haijaisha. Nikashika kipande, na Mzee Salimu akampa Mama Rispa kiberiti. Akawasha. Moto uligusa pindo, kitambaa kikajivuta, kikajikunja, mwali ukafa.

"Sema," Mzee Salimu akamwambia.

"Umezima," akasema kwa sauti ndogo. Halafu kwa sauti kubwa, kana kwamba anaita bweni zima, "Umezima!"

Alitaka kujua sasa atawapambia watoto na nini. Mzee Salimu akamshauri ashone marinda kwa uzi, yasimame bila wanga. Jumapili hiyo mabweni yote yalifua mapazia.

Tukirudi, Mzee Salimu alicheka peke yake ndani ya pikapu. "Zuhura wangu anatia wanga kila kitu," alisema. "Kanzu, kofia, foronya, hata leso ya mfukoni. Napangusa pua kwa kitu kama bati. Na nikimwambia aache, Wallahi, nitalala nje." Bi Zuhura alikuwa mkewe. Ndipo nilipoelewa ile kofia.

Alipostaafu yeye, alitia dawa kitambaa chake mwenyewe, cheupe, akaenda nacho Bungoma. Tulipanga tumfuate. Wiki ile mvua ikakata barabara ya kiwanda, ikafuata oda ya haraka, kisha Bi Zuhura akaugua, na baada ya muda tukaitwa kumzika. Nani angeuliza habari ya mapazia matangani? Baadaye nilidhani wenzangu wa zamu ya asubuhi walikwenda kumchomea. Wao walidhani nilikwenda mimi, kwa kuwa kila Idi nilimpelekea sukari na tukakaa barazani. Tulizungumza siasa, mahindi na magoti. Kazi hatukuitaja.

Kiwandani likaja lile sanduku la kuchomea, lenye kioo na mwali wa gesi wa kubonyeza kitufe. Sitalisema vibaya. Linapima vizuri kuliko kiberiti, na haliunguzi mtu. Lakini linahitaji mtu mmoja. Nikawekwa nalo kwenye chumba kidogo chenye feni ya kutoa moshi na mlango unaofungwa, na kwa miaka iliyobaki nilichoma peke yangu. Feni ilipiga kelele kiasi kwamba mtu akibisha simsikii, basi watu wakaacha kubisha. Kipande kilipozima, nilijikuta nasema "Umezima" kwa sauti, kisha natazama nyuma kama kuna aliyesikia. Hakukuwa na mtu.

Nafula alikufa katika miaka hiyo. Nilipigiwa simu ikiwa mfukoni mwa koti, koti likiwa limetundikwa nje ya chumba, nisiisikie. Nilipofika Matulo, wanawake walikuwa wameshamwosha. Harufu ya dawa ilikuwa mwilini mwangu, na hakukuwa na mtu wa kuniambia nioge kwanza. Sijawahi kupata maneno ya jambo hilo, na sasa sitayatafuta.

Mimi nilipostaafu, mlinifanyia sherehe nzuri. Keki ilikuwa na jina langu, ingawa lilikuwa na herufi pungufu. Mlinipa saa ya ukutani, ambayo ni zawadi ya ajabu kumpa mtu asiye na pa kwenda. "Buda, tutakucheki huko Matulo," mkasema, "hatuwezi kukusahau, si unajua?" Nami nikaenda nyumbani na kitambaa changu cha kijani, nikashusha leso za Nafula kwa sababu zilikuwa zimechakaa, nikanunua kiberiti kipya na majani ya chai. Nikawasubiri.

Siwalaumu. Desturi ile hamkuikuta, na anayeijua haombi. Hapo ndipo nilipokwama. Nilikaa kwenye kochi Jumapili baada ya Jumapili, nikisikia pikipiki inapunguza mwendo, nikisimama, na pikipiki ikipita. Binti yangu alipiga simu kutoka Nairobi: "Baba, si utundike tu? Ama nikutumie zingine?" Jirani yangu nilimwomba siku moja anisaidie kuwasha. Alinitazama kwa huruma. "Mzee, wewe ngoja tu mtoto aje," akasema, na jioni hiyo mkewe akaniletea maziwa, kama wanavyopelekewa wagonjwa. Upweke wa mtu mzima una aibu ndani yake. Unajifanya una shughuli.

Nilipokuwa nimeandika mpaka hapa, mwezi uliopita, nikachoka. Nilikata kipande katikati, nikakifua, nikakianika, nikakitia mfukoni pamoja na kiberiti, nikaenda Bungoma. Haikuwa Idi. Mzee Salimu alikuwa barazani, macho yake sasa yanaona mwanga na kivuli tu. Mjukuu wake wa kike, mwalimu wa nasari, ndiye anayemtunza.

"Hodi, Mwalimu," nikamwambia mzee.

"Wekesa? Leo si sikukuu. Nani amekufa?"

"Hakuna. Nimekuja unichomee kipande."

"Mwenye kipande haombi," akasema.

"Najua. Nimeomba."

Akamwita mjukuu alete karai la maji. Nilishika kipande, nikauongoza mkono wake mpaka pindoni. Njiti mbili zilivunjika, ya tatu ikawaka. Nilisikia joto, kisha halikuwepo. Mimi sikuruhusiwa kusema, na yeye hakuona. Akasogeza uso, akanusa, akapapasa pindo kwa kidole gumba mpaka akaufikia ule ukingo mgumu uliojikunja.

"Umezima," akasema. "Umepika vizuri."

Nilikuwa mtu mzima mwenye wajukuu, nikitaka kulia kwa sababu ya kipande cha poliesta.

Kisha akageuka. "Amina, kile kitambaa changu juu ya kabati. Kilete."

Mjukuu alirudi na mfuko wa plastiki. Ndani yake mlikuwa na kitambaa cheupe kilichokunjwa, kile alichostaafu nacho.

"Hawakuja?" nikauliza.

"Nani?"

"Wa zamu ya asubuhi."

"Hakuja mtu," akasema, bila lawama yoyote, kama mtu anayetaja hali ya hewa. "Niliona tukizungumza mahindi inatosha."

Nilikitoa kitambaa mfukoni, na vidole vyangu vikajua kabla sijajua mimi. Kilikuwa kigumu. Mikunjo yake ilisimama kama ya kanzu ya Ijumaa. Nilitaka kukirudisha. Lakini alikuwa ameshanyoosha mkono kushika kipande, kwa vidole vyake, bila koleo, na zamu ya kiberiti ilikuwa yangu. Nikakata, nikampa, nikawasha. Moto ulipanda. Nilikipiga mkononi mwake kikaangukia majini, na moshi ukatuzunguka barazani.

Ningeweza kusema lolote. Hakuona. Lakini mwenye kiberiti ndiye mwenye neno, na yeye ndiye aliyenifundisha.

"Haujazima, Mwalimu."

Alikuwa ameinua uso, pua imefunguka, na nikaona uso wake unabadilika polepole.

"Uji," akasema.

"Ndiyo."

"Zuhura." Akacheka, kicheko kilekile cha ndani ya pikapu, kisha kikakatika katikati. "Alikuwa mgonjwa yule. Mgonjwa wa kitandani. Alisimama saa ngapi?"

Nilimwambia si neno, tukifue tu kama tulivyofua kule Saboti, maji ya moto, kitazima, nitakitundika mwenyewe leoleo. Aliomba kitambaa. Nilimpa, akakiweka magotini na kupitisha kiganja juu ya mikunjo, mmoja baada ya mwingine, akifuata njia ya pasi.

"Usikifue," akasema.

"Lakini huwezi kukitundika hivi."

"Sitakitundika." Akamkabidhi mjukuu wake. "Kirudishe juu ya kabati, mbali na jiko."

Tulikunywa chai. Alinishika mkono nilipoaga, akaniambia nisisubiri Idi, nami sitasubiri.

Basi, wadogo zangu, lichukueni sanduku lenu la kioo na mlipende. Lakini atakayefuata kustaafu kutoka idara ile, mpeni kitambaa, halafu mfuateni na kiberiti kabla chai yake haijapoa, hata kama hajawaomba. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Jioni ya siku ile nilitundika mapazia yangu. Yamening'inia vizuri, yamelegea kidogo katikati. Jirani alipita na ng'ombe wake, hakuona kitu. Nilikaa kwenye kochi nikiyatazama, na nilikuwa namwonea wivu kipofu wa Bungoma. Kipande changu kilizima mara moja, safi kabisa, kwa sababu tangu kilipotoka tanurini hakuna mkono mwingine uliokuwa umekigusa.